Maumivu Yasiyoonekana: Tuijue Fibromayalgia na Maradhi ya Viungo



Wapenzi wanafunzi, baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), mwaka huu nimeombwa niandike katika jarida letu juu ya mambo ya afya. Mimi si daktari. Nimesoma dini, na haya ya utabibu nimeyapata kwa kuuliza wanaojua na kwa kusoma. Lakini kuna jambo lilitokea hapa chuoni lililonilazimisha kusoma, na bora nianze nalo.

Mwanafunzi mmoja wa kike, ambaye sasa ameshahitimu, alikuwa akichelewa karibu kila siku. Nikimuuliza sababu, ananyamaza. Siku moja nilimsimamisha mbele ya wenzake muda wote wa darsa, na nikamwambia maneno ambayo leo naona haya kuyarudia. Wiki iliyofuata hakuja kabisa. Nikaenda kwao, katika moja ya zile nyumba ndefu za Mji Mkongwe zenye ngazi zilizosimama wima kama mnazi. Nilipopiga hodi nilimkuta mama yake amekaa juu ya mkeka, ameegemea ukuta, na binti yuko uani anafua. Mama alikuwa hajashuka ngazi ile kwa wiki sita. Binti ndiye anayepandisha ndoo za maji, anayepika, anayewaogesha wadogo zake, kisha ndio anakuja chuoni. Mama akaniambia: "Maalim, kila mahala pananiuma, na sina hata jeraha la kukuonyesha. Hata baba yao amechoka kuniamini."

Alikuwa amepimwa damu mara kadhaa na kupigwa picha za mifupa. Majibu yote mazuri. Hospitali moja walimwambia hana kitu, arudi nyumbani apumzike. Majirani wengine wakasema uvivu, wengine wakasema ana shetani, na pesa zikaenda huko pia. Miaka ilipita mpaka daktari mmoja alipomsikiliza mpaka mwisho na kumpa jina la maradhi yake: fibromayalgia.

Jina hili limeungwa kwa maneno ya Kilatini na Kigiriki, yenye maana ya nyuzi, misuli na maumivu. Limeanza kutumika mwaka 1976, ingawa maradhi yenyewe ni ya zamani. Mgonjwa huumwa mwili mzima, juu na chini, kulia na kushoto, kwa miezi mitatu au zaidi. Hulala usiku kucha akaamka amechoka kama hakulala. Husahau maneno na alichokuwa akitaka kufanya, hata akadhani akili inamtoka. Wengi pia huumwa kichwa na tumbo. Inakisiwa kwamba watu 2 mpaka 4 katika kila 100 wanayo, na wanawake ndio wengi zaidi.

Sisi Waswahili tuna tabia ya kuyaita maumivu yote ya viungo baridi yabisi, na hapo ndipo tunapochanganya mambo. Yako maradhi ambayo gegedu, yaani ule mfupa laini ulio baina ya mifupa miwili, hulika kidogo kidogo. Haya huwapata sana wazee, na goti ndilo huanza. Yako mengine ambayo kinga ya mwili hugeuka ikavishambulia viungo vyenyewe: vidole vya mikono yote miwili huvimba, na asubuhi hukakamaa kwa saa nzima au zaidi. Haya yasicheleweshwe, kwani yasipotibiwa mapema viungo huharibika na havirudi. Na liko jongo, linalotokana na chembe za asidi ya yuriki kujikusanya katika kiungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu.

Fibromayalgia si lolote katika hayo. Viungo havivimbi wala haviharibiki, ndiyo maana picha haionyeshi kitu. Kosa liko katika njia ya kupeleka habari za maumivu. Chukueni mfano wa kipaza sauti cha msikitini. Muadhini anasema kwa sauti ya kawaida, lakini mtu amekizungusha kile kitufe mpaka mwisho, basi hata kukohoa kunasikika mtaa mzima. Neva, uti wa mgongo na ubongo wa mgonjwa huyu vimefunguliwa namna hiyo. Mguso ambao mimi na wewe hatuujali, yeye unamuuma, na anaumwa kweli. Mwaka 2021 watafiti wa Uingereza na Sweden walichukua kingamwili kutoka katika damu za wagonjwa wa fibromayalgia wakawatia panya, na panya wale wakawa wepesi wa kuhisi maumivu kuliko kawaida. Waliotiwa za watu wazima wa afya hawakupatwa na kitu. Utafiti wa panya haumalizi maneno, lakini wale waliokuwa wakisema "anajifanya" nadhani wanyamaze kidogo.

Kuutambua ugonjwa nako kumebadilika. Kwa kanuni za mwaka 1990 daktari alibonyeza sehemu 18 za mwili, na zikiuma 11 ndipo aliposema ndiyo. Tangu mwaka 2010 kubonyeza si lazima tena. Daktari huuliza yanauma mwahala mangapi, usingizi ukoje, uchovu ukoje, na hupima damu ili kuondoa shaka ya maradhi mengine.

Hapa kwetu maumivu ya viungo yana historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1870, kipindupindu kikiwa kimeshaua watu wengi mjini, liliingia Unguja gonjwa jengine: homa ya ghafla, vipele, na viungo kuuma hata mtu akashindwa kutembea. Wenyeji waliliita kidinga pepo, na wazee walikumbuka kwamba liliwahi kuja kiasi cha mwaka 1823. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu hapa zama hizo, aliandika habari zake. Kwa muda mrefu likahesabiwa kuwa ni homa ya dengi, na wapo wanaosema kuwa neno dengi lenyewe limetokana na kidinga chetu hiki, ingawa wengine hawakubali. Kisha mwaka 1952 na 1953 maradhi ya namna hiyo yakazuka upande wa Newala, katika Uwanda wa Makonde. Kirusi chake kikapatikana, na kikaitwa kwa jina la Kimakonde, chikungunya, lenye maana ya kumkunja mtu. Wataalamu waliorudi kuyasoma maandishi ya Christie wakaona kidinga pepo cha 1870 kinafanana zaidi na chikungunya, kwa sababu maumivu ya viungo yalibaki baada ya homa kwisha.

Nimeyataja haya kwa sababu moja. Chikungunya huenezwa na mbu wanaouma mchana, na mwaka 2004 iliingia Lamu, ambako kiasi cha watu watatu katika kila wanne waliambukizwa. Baadaye ikafika Ngazija na Réunion. Wengi walipona kwa siku chache, lakini wapo waliobaki na maumivu miezi na hata miaka, na baadhi yao hali zao zinafanana sana na fibromayalgia. Basi mtu akikwambia "tangu homa ile sijawahi kuwa sawa", usimcheke.

Kazi nazo zina sehemu yake. Wanaotoka Paje, Jambiani na Bwejuu wanawajua mama zao wanaolima mwani, kilimo kilichoanza pwani ile mwaka 1989. Mama huinama majini saa kadhaa, akafunga mwani kambani, kisha akabeba magunia yaliyorowa maji mpaka nchi kavu. Huyu akiumwa mgongo na magoti, huenda ni viungo vilivyolika kwa kazi, si fibromayalgia; apimwe ajulikane.

Tiba je? Dawa ya kuiondoa kabisa haijapatikana, lakini hali hupungua. Linalosaidia kuliko yote ni mwili kutikiswa kidogo kidogo. Mama yule alianza kwa kutembea dakika tano ndani ya nyumba, baada ya wiki saba, kisha kumi. Kosa la wagonjwa wengi ni kwamba siku wanayojisikia vizuri hufua nguo zote na kusafisha nyumba nzima, wakaanguka kitandani siku nne. Kulala na kuamka saa zile zile pia kunasaidia. Madaktari huweza kuandika amitriptilini kwa kipimo kidogo usiku. Dawa hiyo kwa kipimo kikubwa hutibu huzuni nzito, ndiyo maana jamaa wakiona kipeperushi chake husema "kumbe ana wazimu", na haiwi hivyo. Vidonge kama diklofenaki havina faida kubwa kwa ugonjwa huu, na vikinywewa siku nyingi huleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Muogopeni zaidi muuza unga asiyetaja kilichomo ndani. Kukandwa kwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu, mkono ukiwa mwepesi, humpa mtu raha. Dua na ruqya tusiziache, ila zisitumiwe kumzuia mgonjwa na hospitali. Ibn Sina, aliyehifadhi Qur'ani akiwa mtoto, aliyagawa maumivu katika aina 15 ndani ya kitabu chake cha tiba. Hakuona tabu kuyachunguza.

Katika sala, mama yule alikuwa akijilazimisha kusimama huku analia, akiogopa kuwa sala ya kukaa haitakubaliwa. Nilimsomea habari ya Imran bin Husayn (R.A.), aliyekuwa mgonjwa, na Mtume (S.A.W.) akamwelekeza asali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Masheikh wetu wa Kishafii wamefafanua kwamba mashaka makubwa yanatosha kuwa udhuru, si lazima mtu awe hawezi kabisa. Binti alileta kiti kutoka chumba cha pili, na mama akasali Alasiri juu yake mimi nikiwa bado nasubiri ukumbini.

Binti nilimuomba radhi mbele ya wale wale wenzake. Akasogezewa darsa lake likawa baada ya Alasiri, na katika daftari letu la mahudhurio tukapiga mstari wa safu mpya, "ana mgonjwa nyumbani". Mwaka huu safu hiyo ina majina manne. Ambaye jina lake linastahili kuwemo na bado hajasema, aje anione baada ya darsa, au amtume mwenzake.