Yai la Kwanza Hungoja la Mwisho

Ni nyumba gani katika vijiji vyetu isiyo na kuku? Mtoto aanzapo kutembea, humkimbilia kuku. Mgeni afikapo, kuku ndiye anayekimbizwa. Lakini kumwona kuku kila siku si kumjua. Sisi tulikaa miaka mingi shuleni, tukafundishwa kulitaja yai kwa Kifaransa na kwa Kilatini, wala hatukuijua kazi ya yai lenyewe mpaka ilipotupatia aibu. Aibu hiyo tunaiandika hapa ili wengine waepukane nayo.

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa ualimu wetu, katika kijiji kimoja kando ya ziwa Tanganyika, kusini ya Kalemie. Mwezi wa tisa, masomo yalipokuwa yameanza, mama mmoja mjane, ambaye mwanawe alikuwa katika kalasi yetu, alitujia jioni na mtetea mmoja katika kikapu, na mayai kumi na mawili katika bakuli. Nyumbani kwake kicheche alikuwa ameingia usiku mara mbili. Sisi tulikuwa na chumba chenye mlango imara. Akasema: «Bwana Mwalimu, nakuomba unitunzie huyu. Siku mbili sasa anaatamia mayai maviza, hataki kuondoka. Usiku utamtilia haya mazuri. Watoto wake wakikua, nitawauza kabla ya Pasaka, nipate feza ya masomo ya muhula wa mwisho.» Hakutuambia zaidi, kwa maana jambo lijulikanalo na watu wote, nani atamweleza mwalimu?

Tulimpokea kuku kwa furaha. Tulipomtazama tukamwona mdogo wa mwili, tukaogopa kumtwika mayai yote mara moja. Basi usiku ule tulimtilia sita tu, na kila jioni iliyofuata tukamwongezea moja, kama mtoto anayefundishwa kubeba maji, leo kibuyu kidogo, kesho kikubwa. Tulijiona wenye busara.

Siku ya 21 vifaranga watano wakatoka. Kesho yake mama yao alikaa bado juu ya mayai yaliyobaki. Siku iliyofuata, asubuhi, akasimama, akawaita watoto wake kwa sauti ile ya kuku mzazi, akatoka nao mlangoni wala hakugeuka nyuma. Mayai saba yakabaki katika kikapu. Tulijaribu kumrudisha, akatudonoa. Jioni tulivunja moja la mayai yale yaliyopoa, tukakuta kifaranga kamili, mwenye manyoya na kucha, aliyekuwa amebakiza siku chache tu atoke.

Mama yule alipokuja, hakukasirika. Alishika yai moja baridi mkononi, akasema: «Bwana Mwalimu, mayai ni kama kalasi. Yote huingia siku moja, ndipo yatoke siku moja. Nani alikwambia uyaandikishe kila siku jina moja?»

Kati ya wale watano, mwewe aliwachukua wawili. Watatu waliuzwa, na feza yao haikutosha. Sisi tulitoa tulichoweza, lakini kilichelewa. Kijana alikuwa amekwisha kukosa mitihani. Kuku huweza kuatamia tena baada ya miezi michache. Mwaka wa masomo haurudi upesi namna hiyo.

Siri ya yai

Tangu siku ile tulianza kusoma na kuuliza, nasi tukafahamu kwamba mama yule alikuwa amesema kweli tupu.

Mtetea hutaga yai moja, kisha jingine kesho yake au kesho kutwa, mpaka yafike kumi au zaidi. Yai la kwanza laweza kulitangulia la mwisho kwa majuma mawili. Hata hivyo, vifaranga vyote hutoka karibu siku moja. Kwa nini? Kwa sababu katika yai la mtetea aliyepandwa na jogoo, uhai umekwisha kuanza tangu tumboni mwa mama yake. Lakini yai likitoka nje na kupoa, uhai ule husimama, kama mtu aliyelala. Katika ubaridi wa chini ya digrii 20 hivi, hauendelei. Mtetea akaapo juu ya mayai na kuyapasha moto hata digrii 37 au 38, ndipo yote huamka pamoja. Hivyo yai la kwanza hungoja la mwisho.

Lakini kungoja huko kuna mpaka. Yai lililokaa juma moja bado ni zuri; baada ya hapo kila siku hulipunguzia nguvu, na baada ya majuma mawili mengi hayaanguliwi. Tena yai lisiwekwe chini ya bati penye joto la mchana, kwa maana joto la nusu huuamsha uhai nusu, kisha hufa. Liwekwe mahali pa baridi na giza, kwa mfano katika kikapu karibu na mtungi wa maji, ncha yake nyembamba ikielekea chini. Juu ya ganda andika tarehe kwa kalamu ya risasi. Usilioshe, kwani ganda lina matundu madogo sana, na maji huyaingiza machafu ndani. Yenye ufa, na yale makubwa au madogo kupita kiasi, yaende jikoni.

Kiota na mama yake

Mtetea anayetaka kuatamia hujitambulisha mwenyewe. Hukaa kiotani mchana na usiku, hufura manyoya, hulia kwa hasira ukimkaribia, na manyoya ya kifua chake hupunguka ili ngozi iyaguse mayai. Mpe kikapu au sanduku katika pembe ya giza na utulivu. Chini tia udongo kidogo, juu yake nyasi kavu, fanya shimo kama sahani. Mnyunyizie majivu chini ya mabawa na katika nyasi, kwa sababu utitiri waweza kumfukuza kiotani kabla ya siku zake. Ukitaka kumhamisha, mhamishe usiku, tena umjaribu kwanza kwa mayai yasiyo na kazi. Akitulia siku moja au mbili, mtilie mazuri yote usiku mmoja. Kuku wetu wa kijijini huweza kufunika kumi au kumi na mawili. Asiyeweza kuyafunika apewe machache, lakini yote kwa siku moja. Kila yai litiwe alama ya makaa. Mtetea mwingine akija kutaga humo, la kwake litajulikana kwa kukosa alama, nawe utaliondoa jioni ileile.

Majuma matatu

Hesabu yake ni nyepesi: siku 21, yaani majuma matatu kamili. Ukiyatia Jumamosi usiku, tazamia vifaranga Jumamosi ya tatu baada yake.

Aristotle, mwenye hekima wa Ugiriki, aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika habari za mayai yaliyofunguliwa siku kwa siku. Aliona katika siku za kwanza kitone cha damu kikipiga: ndio moyo. Lakini hata mwenye hekima hukosea. Alidhani umbo la yai huonyesha kama atatoka jogoo au mtetea, na neno hilo halina ukweli.

Mtetea hayaachi mayai ila mara moja kwa siku, muda wa robo saa hivi, ili ale, anywe na ajisaidie. Usiogope, kupoa kidogo hakuyadhuru. Mwekee mahindi na maji karibu, asiende mbali. Nyakati nyingine zote huyageuza kwa mdomo wake, mchana na usiku, ili kile kinachoumbwa ndani kisigandamane na ganda.

Siku ya saba, usiku, shika yai mbele ya tochi. Ukiona mishipa myekundu kama miguu ya buibui, lina uhai. Likiwa jeupe kabisa, liondoe. Mwenye watetea wawili walioanza siku moja huweza kukusanya mazuri yote chini ya mmoja, na yule wa pili akapewa mengine mapya.

Tangu siku ya 18 usimguse tena. Kifaranga hutoboa kwanza chumba kidogo cha hewa kilichomo upande mnene wa yai. Hapo huvuta pumzi ya kwanza, na mwenye sikio zuri humsikia akilia ndani ya ganda. Kisha, kwa jino dogo lililo juu ya mdomo wake, hutoboa ganda lenyewe. Halafu hupumzika, pengine nusu ya siku au zaidi. Hapa ndipo watu wengi wenye huruma huua. Humwona amekwama, humbandulia ganda, naye hutoka damu, kwa kuwa mishipa haijakauka wala kiini hakijamwingia tumboni. Mwacheni, kazi ile ni yake.

Kiini hicho ndicho posho yake ya siku mbili za kwanza. Kwa hiyo mtetea anaweza kukaa na kuwangoja waliochelewa kidogo. Siku hizo zikipita, watoto waliotoka wana njaa, naye huwafuata walio hai. Tulimhukumu bure siku ile kuwa mama asiye na moyo. Yeye alifanya vema, sisi ndio tulioharibu.

Baada ya hapo

Majuma ya kwanza vifaranga wakae chini ya tenga pamoja na mama yao, mbali na mwewe. Wapewe maji katika sahani isiyo na kina, mahindi yaliyopondwa sana, na mchwa. Tena ulizeni habari ya chanjo ya ugonjwa wa Newcastle, ule umalizao kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Ni tone moja katika jicho, nayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne.

Mwaka uliofuata kijana yule alirudi katika kalasi ileile, akakaa pamoja na wadogo zake. Naye mama yake alirudi na kikapu kilekile. Safari hii tulimwomba atie mayai kwa mkono wake, nasi tukashika taa. Yalikuwa kumi na moja, usiku mmoja. Vifaranga tisa wakatoka siku moja. Kabla ya Pasaka feza ya masomo ilikuwa mkononi mwake.

Basi, enyi wanafunzi, someni sana, wala msidharau vitabu. Lakini kabla ya kutia mayai chini ya kuku, nendeni kwanza kwa mama aliyefuga kabla yenu, mkamwulize.