Viwavi Watatu Wanaofanana Shambani

Kwa mama wa Hagadera aliyepanda mistari michache ya mahindi kando ya nyumba, akainywesha kwa maji aliyoyabeba mwenyewe kwa madumu, jani lililotobolewa si jambo dogo. Hata hivyo twawasihi dada zetu wasikimbilie dawa ya sumu, hasa penye watoto na kuku, kabla ya kumjua anayekula.

Wanaoshukiwa ni watatu, wote wana wa nondo. Nondo wenyewe huruka usiku, rangi zao ni za vumbi, na kuwapambanua ni kazi ya wataalamu. Sisi na tumtazame kiwavi.

Kiwavijeshi wa asili yetu twamjua tangu zamani. Huja na mvua, akiwa wengi, mweusi kama mahameli, akifagia majani ya malisho na nafaka. Lakini wakiwa wachache huwa na rangi ya kijani au hudhurungi, na hapo ndipo watu huwachanganya na yule mgeni.

Mgeni huyo, kiwavijeshi vamizi, asili yake ni Amerika. Aliripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa amekwisha kuingia Kenya. Kichwani ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa, ingawa alama hiyo peke yake haitoshi. Tazameni mkiani: katika pingili ya pili kutoka mwisho ana madoa manne meusi yaliyopangika mraba. Huyo hakai juu ya jani; hujificha ndani ya moyo wa mhindi, akiacha kinyesi kama unga wa mbao.

Kwa bustani ndogo, mkono ndio silaha bora kuliko bomba la dawa. Pitieni kila mche asubuhi au jioni, mpondeni kiwavi, na mayai yaliyofunikwa kwa manyoya chini ya jani yasuguliwe yasianguliwe. Wakulima wengi hutia mchanga au jivu katika moyo wa mmea.

Wa tatu ni funza wa mabua, mwenye safu za madoa mgongoni. Akiisha kuingia ndani ya bua, jivu wala dawa ya juu haimfikii. Baada ya mavuno mabua wapewe mbuzi, maadamu hayakupuliziwa sumu. Yakiachwa shambani, funza hulala humo akingoja mvua ijayo.