Kikombe cha Maji ya Sukari

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtayarishia kiumbe riziki yake kabla hajatoka tumboni mwa mamake. Ama baada ya hayo, mama zetu, dada zetu na ndugu zetu: tuliulizwa swali na kijana aliyejaaliwa mtoto wake wa kwanza. Mtoto ana siku mbili, maziwa ya mkewe bado ni haba, na nyanyake mtoto amekwisha tayarisha kikombe cha maji ya sukari na kijiko. Mzazi hataki, nyanya amenuna. Je, nani asikizwe?

Tulimwambia atazame kwanza kinywa cha mtoto mwenyewe.

Mtoto mchanga haji duniani akiwa mjinga wa kunyonya. Angali tumboni, humeza maji yaliyomzunguka. Akishazaliwa, ukimgusa shavu hugeuza uso na kupanua kinywa kutafuta ziwa. Akilipata, ulimi huishika chuchu kwa chini, taya hushuka, na kwa mvuto huo maziwa hutiririka. Yafikapo kooni, pumzi husita kidogo, njia ya hewa hufungwa, mtoto humeza, kisha hupumua tena. Mpango huu wa kunyonya, kumeza na kupumua hukomaa karibu na wiki ya 34 ya mimba. Ndiyo sababu aliyezaliwa kabla ya hapo mara nyingi hulishwa kwa mpira hospitalini mpaka apate nguvu.

Tuwatazame na mbuzi tunaowafuga. Mwanambuzi hunyonya ameinua kichwa, na kule kunyonya hukunja mfereji wa ndani ukawa kama mrija, maziwa yakapita kando ya tumbo kubwa hadi tumbo la nne, yanakoyeyushwa. Akimiminiwa kwa nguvu, maziwa huweza kupotea njia, hata yakaingia mapafuni. Tena mfugaji hodari hamwagi dang'a, kwani ajua kuwa mwanambuzi aliyeikosa saa za mwanzo huwa hatarini kufa. Basi vipi tuimwage ya mwana wa binadamu, nayo ndiyo kinga yake ya kwanza?

Mtoto anyonyapo, yeye ndiye apimaye kasi. Tumlazapo chali tukammiminia, tunapima sisi, naye hupaliwa. Tumbo lake la siku za mwanzo ni dogo, na matone ya dang'a humtosha. Akijazwa maji ya sukari hulala asinyonye. Na ziwa lisiponyonywa, maziwa hupungua. Maziwa huitwa kwa kunyonya.

Tahniki ni sunna, lakini ni kupaka tende kidogo iliyolainishwa kwenye kaakaa, kwa mkono safi. Si mlo, wala haifungui mlango wa kikombe. Asali nayo asipewe mtoto kabla ya kutimiza mwaka, kwani huweza kubeba vijidudu vyenye sumu kali kwake.

Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza kunyonyesha. Shirika la Afya Duniani nalo lashauri mtoto atiwe ziwani ndani ya saa ya kwanza, apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha chakula pamoja na ziwa hadi miaka 2 au zaidi.

Nyanya naye asivunjwe heshima, kazi yake ni kubwa. Ampikie mzazi uji wa pilipili manga, ampokee mtoto apate kulala, amtie moyo. Na akiona mtoto hawezi kunyonya, hupaliwa kila mara, au midomo yabadilika rangi, awe wa kwanza kusema: twendeni hospitali.

Kijana alirudi kwake na jibu hilo: asikizwe mtoto. Mwenyezi Mungu atuhifadhie wana wetu na awalipe kheri mama zetu. Amin.