Mpox: namna herufi nne za DNA zinavyofichua virusi

BENDERA – Barabara inayotoka Fizi, Kivu Kusini, kuelekea Kalemie inapita Bendera. Baadhi ya wasafiri wake wanatoka katika jimbo ambako aina mpya ya mpox, inayoitwa Ib, ilianza kuonekana Septemba 2023, katika mji wa machimbo ya dhahabu wa Kamituga.

Kwa macho tu, vipele vya mpox vinaweza kufanana na vya tetekuwanga. Ndiyo maana muuguzi huchukua sampuli ya kipele na kuituma maabara, ambako jibu linategemea kanuni moja ndogo.

Virusi vya mpox hubeba maagizo yake katika DNA, ambayo shuleni Kongo huitwa ADN. Ni nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, zikiwa na herufi nne: A, T, G na C. Herufi hizo ni besi za naitrojeni: adenini, thaimini, guanini na saitosini. A hushikana na T tu, kwa vifungo viwili. G hushikana na C tu, kwa vifungo vitatu. Katika RNA, kama ya virusi vya Ebola, nafasi ya T huchukuliwa na U, yaani urasili.

Kwa hiyo anayejua uzi mmoja anajua na wa pili. Kipimo cha PCR hutumia siri hiyo. Mashine hupasha sampuli moto hadi nyuzijoto 95 hivi na nyuzi zinaachana. Inapopoa, vipande vifupi vilivyotengenezwa maabara hutafuta wenzao. Vikiwapata, virusi vipo.

Lakini aina ya Ib ilikuwa imepoteza sehemu ya DNA yake. Kipimo kimoja kilichotambulisha virusi vya kundi la kwanza kilitafuta sehemu hiyohiyo, kikaikosa. Vipimo vinavyotafuta sehemu nyingine viliendelea kuvikamata.

Watafiti waliposoma herufi zote waliona alama nyingine. Kinga ya mwili wa binadamu hugeuza baadhi ya C za virusi kuwa U. Virusi vinapojinakili, U husomwa kama T na kupewa A badala ya G. Alama kama hizo zilikuwa nyingi Kamituga, zikionyesha kwamba ugonjwa unapita kutoka mtu hadi mtu, si kutoka kwa wanyama pekee. Agosti 14, 2024, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa.

Mashine hizo zinahitaji umeme, na bwawa la Bendera, kwenye mto Kyimbi, ndilo linaloupeleka Kalemie. Lakini mashine haiwezi kusoma sampuli isiyoletwa. Mgonjwa anayejificha nyumbani anaweza kuambukiza jamaa yake kabla herufi moja haijasomwa.