Je, Wajua? Mwanga aliouona asiyeamini

Mwaka 1988 mwanafalsafa Mwingereza A. J. Ayer, mkana Mungu mashuhuri, alikabwa na kipande cha samaki akiwa amelazwa hospitalini London. Moyo wake ulisimama dakika 4. Baadaye aliandika alichokiona: mwanga mwekundu, mkali mno, uliomuumiza hata alipougeuzia kisogo. Alijua kwamba mwanga ule ndio unaotawala ulimwengu. Viumbe wawili waliokabidhiwa anga walikuwa wamezembea kazi, na anga lilikaa upogoupogo, kama vipande vya picha vilivyopachikwa vibaya. Mungu gani huyu, ambaye watumishi wake huzembea? Ayer alifariki 1989, bado haamini.

Wengine waliokaribia kufa husimulia tofauti kabisa. Katika kitabu cha Mmarekani Raymond Moody cha mwaka 1975, mwanga ni mpole, umejaa upendo, haulaumu mtu. Wakristo wengi walisema ni Kristo. Wayahudi wawili walisema ni malaika. Mwanga uleule!

Na si kila anayechungulia kaburi huona kitu. Nchini Uholanzi, kati ya wagonjwa 344 waliozinduliwa baada ya moyo kusimama, 62 tu ndio waliokuwa na la kusimulia.

Kisa kinachonigusa zaidi kinatoka India. Huko wapo waliosimulia kuwa walichukuliwa na wajumbe wa mauti, wakafikishwa mbele ya mwenye daftari. Akapekua. Jina silo. Wajumbe wakakaripiwa kwa kumleta mtu asiyehusika, naye akarudishwa duniani.