Kubadili Mwonekano kwa Nywele: Ufundi wa Msusi na Kinyozi Vijijini Simiyu

Mwonekano wa kichwa hubadilishwa kwa njia nne: kukata nywele, kuzisuka, kuzinyoosha kwa dawa na kuzitia rangi. Kila njia ina ufundi wake na mpaka wake. Mpaka huo hauwekwi na picha aliyokuja nayo mteja kwenye simu. Unawekwa na nywele zenyewe, ngozi ya kichwa, na kazi atakayoirudia mteja akitoka saluni. Fundi anayeijua mipaka hiyo ndiye anayeweza kumpendezesha mtu leo na kumwacha akiwa bado na nywele mwakani.

Mipaka hiyo huonekana wazi katika Kata ya Mwamapalala, Wilaya ya Itilima. Eneo hilo lilikuwa chini ya Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga, kabla ya Mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012. Wakazi wake wengi ni Wasukuma, wakulima na wafugaji, na zao lao kuu la fedha ni pamba. Kazi ya saluni hapo hufuata kalenda ya shamba. Wakati wa palizi wateja hutaka mtindo mwepesi usiodai matunzo; ununuzi wa pamba ukifunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, pesa huingia mifukoni, harusi huongezeka, na ndipo watu huomba mitindo ya saa nyingi, rangi na dawa.

Unywele ulivyo

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini. Sehemu inayoonekana haina uhai. Sehemu iliyo hai ni mzizi uliozama ndani ya ngozi. Nje ya unywele kuna magamba membamba yaliyolaliana, na ndani yake kuna nyuzi za keratini zilizofungamana kwa vifungo vya salfa. Humo ndani pia ndimo ilimo melanini, ambayo ndiyo rangi ya asili. Dawa ya kunyoosha huvunja vile vifungo, rangi ya kudumu hupenya chini ya magamba, na blichi huiharibu melanini. Kwa kuwa unywele uliokwisha kutoka nje hauna uhai, ukiharibika haujitibu. Dawa yake ni kuukata na kusubiri mwingine uote.

Nywele za kipilipili huota kutoka kwenye vishimo vilivyopinda, kwa hiyo hutoka zikiwa zimejikunja. Mafuta ya asili ya ngozi hayateremki kwa urahisi hadi kwenye ncha, na kila mkunjo ni mahali ambapo unywele unaweza kukatikia. Ndiyo maana nywele hizo hukauka upesi na zinahitaji kuchanwa kwa upole, zikiwa na unyevu au mafuta, kwa chanuo lenye meno mapana. Vipimo vya kitaalamu vimeonyesha pia kwamba nywele za Waafrika hukua kwa takriban robo ya milimita kwa siku, yaani chini ya sentimita 1 kwa mwezi. Sentimita 30 ni kazi ya zaidi ya miaka mitatu. Mtu anayeambiwa kwamba mafuta fulani yatazifikisha nywele zake mabegani kwa miezi miwili anadanganywa.

Maswali kabla ya kazi

Kazi nzuri huanza kabla ya mkasi au chanuo kushikwa. Msusi hugawanya nywele kwa mafungu, akakagua ngozi kama ina vidonda, mba au mapunye, kisha akavuta unywele mmoja mmoja kuona kama unakatika. Huuliza nywele ziliwekwa dawa lini mara ya mwisho, kama zimewahi kupakwa rangi au piko, na kama mteja amewahi kuwashwa au kuvimba. Majibu hayo ndiyo yanayoamua kinachowezekana siku hiyo.

Baada ya hapo huuliza kuhusu maisha ya mteja. Mwanamke anayebeba ndoo ya maji kichwani kila siku atahitaji mtindo unaolala bapa utosini, ili ngata ikae bila kubonyeza fundo la nywele kwenye ngozi. Anayelima juani atatokwa na jasho na kushika vumbi, hivyo lazima aweze kuosha kichwa bila kufumua kila kitu. Sura nayo hutazamwa. Uso wa mduara hurefushwa na nywele zinazoinuka juu, na uso mrefu hupata uwiano kwa nywele zinazojaa pembeni. Bibi harusi huulizwa kama atavaa shela, kwa sababu shela huhitaji mahali pa kushikilia.

Kundi moja la wateja linastahili uangalifu wa pekee. Katika shule nyingi za serikali nchini Tanzania, wasichana kwa wavulana hutakiwa kuwa na nywele fupi. Msichana anapomaliza mtihani wa Kidato cha Nne mwezi Novemba, ndipo kwa mara ya kwanza anaruhusiwa kuzifuga. Huja saluni akiwa na sentimita chache tu na hamu kubwa ya kuonekana mtu mzima. Anataka dawa na rasta ndefu kwa siku moja. Nywele fupi kiasi hicho hazina nguvu ya kubeba uzito wa rasta, na ngozi iliyotoka kuguswa na dawa haipaswi kuvutwa. Fundi mwema humwanzishia mkato mzuri wa nywele fupi au mistari myepesi, akampa miezi ya kuzikuza. Hapo hupoteza malipo ya siku moja akapata mteja wa miaka mingi.

Kukata

Mkato ndio msingi wa umbo. Huko London katika miaka ya 1960, Vidal Sassoon alijipatia jina kwa kukata nywele za singa kwa namna ambayo zilikaa zenyewe, bila kutegemea rola. Nywele za kipilipili zina kanuni yake. Kwa kuwa hujikunja na kuonekana fupi kuliko zilivyo, mara nyingi huchanwa zikasimama, zikakatwa zikiwa kavu, ili fundi aone umbo la mwisho anapolichonga. Akizikata zikiwa zimelowa na kunyooka, zitapanda juu zikikauka na mteja atabaki na nywele fupi kuliko alivyoomba.

Kwa vijana wa kiume, ubunifu uko kwenye mashine. Kiduku huacha nywele katikati na kupunguza pembeni. Denge huacha nywele juu na kuondoa za chini. Ugumu uko kwenye mpito kutoka nywele hadi ngozi. Kinyozi huanza na kichanio kirefu cha mashine, akashuka hatua kwa hatua, akikagua pande zote mbili kwenye kioo zisipishane. Kingo za paji la uso huchongwa kwa kufuata mstari wa asili. Anayeusogeza mstari huo nyuma kila wiki humpa mteja wake paji pana ambalo halikuwapo.

Wanawake wengi pia huchagua kukata. Kwa mtu ambaye nywele zake zimechoshwa na dawa, mkato mfupi ndio mabadiliko makubwa na yenye afya kuliko yote, kwa kuwa huondoa sehemu yote iliyoharibika kwa mara moja. Hauhitaji umeme mwingi wala maji mengi, na huonyesha macho, shingo na hereni.

Kusuka

Kusuka ndiko ubunifu wa msusi unakopata uwanja mpana. Kuna twende kilioni, yaani mistari ya kawaida inayorudi nyuma. Kuna nywele za uzi, mabutu, yeboyebo, na rasta za kuongezea. Mistari inaweza kupindishwa, kukutanishwa utosini au kupishanisha minene na myembamba, na hapo ndipo mkono wa msusi mmoja hutofautika na wa mwingine.

Rasta nyingi za dukani ni nyuzi za plastiki, na zimekuwa njia salama kuliko zote ya kupata rangi. Mteja anayetamani nyekundu, kahawia au bluu anaweza kuivaa kwa wiki kadhaa bila tone la rangi wala blichi kugusa nywele zake, akajua kama inaendana na ngozi na nguo zake. Wasusi wengi huchanganya nyuzi nyeusi na za rangi ili mng'ao uwe wa wastani. Ncha huchovywa kwenye maji ya moto zisifumuke, na kazi hiyo hufanywa mbali na watoto, huku mgongo wa mteja ukifunikwa taulo nene.

Hatari ya kusuka ni kuvuta. Nywele zikivutwa sana kwa muda mrefu, mizizi hudhoofika, na za kwanza kuondoka ni zile laini za kwenye paji na pembeni mwa masikio. Uharibifu huo ukigunduliwa mapema nywele hurudi. Ukiendelea kwa miaka, mizizi hufa. Dalili zake zinajulikana: maumivu, vipele vyeupe kwenye mizizi, na mteja kushindwa kulala. Msuko mzuri hauhitaji dawa ya kutuliza maumivu.

Dawa ya kunyoosha

Dawa za kunyoosha zilianza kuuzwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na Garrett Morgan ni mmoja wa waliozibuni. Zilizo kali zaidi hutumia sodiamu haidroksaidi, kemikali ileile inayotumika kutengeneza sabuni, na makali yake kwenye ngozi ni ya kuunguza kweli. Msusi hupaka mafuta mazito kwenye ngozi, masikio na kingo za uso, huvaa glavu, hufuata dakika zilizoandikwa kwenye kopo, na hugusa nywele mpya tu anaporetachi, yaani anaporudia dawa. Mteja hapaswi kukuna wala kuosha kichwa siku mbili kabla.

Vijijini sharti kubwa ni maji. Dawa lazima isuuzwe hadi iishe kabisa, kisha nywele zioshwe kwa shampuu inayokata makali yake. Saluni inayotegemea maji ya ndoo inapaswa kuyaweka tayari yote kabla kopo halijafunguliwa, kwa sababu maji yakiisha katikati ya kazi, ngozi ndiyo itakayoungua.

Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka walikadiriwa kupata saratani ya mji wa mimba kwa asilimia 4.05 kufikia umri wa miaka 70, ikilinganishwa na asilimia 1.64 kwa wasiotumia. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo, lakini ni sababu tosha ya kupunguza matumizi na kutowawekea watoto.

Rangi

Rangi za kisasa za kudumu zilianzia Ufaransa, ambako mkemia Eugène Schueller alitengeneza yake mwaka 1907. Hufanya kazi kwa vitu viwili: amonia, inayofungua magamba, na haidrojeni peroksaidi, inayopunguza rangi ya asili na kuikomaza rangi mpya ndani ya unywele. Peroksaidi huuzwa kwa nguvu za asilimia 3, 6, 9 na 12, na kadiri inavyokuwa kali ndivyo inavyodhoofisha unywele. Nywele nyeusi haziwi za dhahabu kwa hatua moja. Blichi huzipitisha kwenye wekundu, rangi ya chungwa, kisha njano. Anayelazimisha safari hiyo kwa siku moja huvuna nywele zinazokatika mkononi. Nywele zilizonyooshwa kwa dawa ziko hatarini zaidi, na hazifai kuwekewa blichi siku hiyohiyo.

Rangi nyeusi na piko mara nyingi huwa na kemikali ifupishwayo PPD, ambayo huwaletea baadhi ya watu mzio mkali: kuwashwa, malengelenge, uso kuvimba. Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha asilimia 2 kwenye rangi ya nywele inapopakwa. Jaribio la mzio huo ni rahisi: rangi kidogo hupakwa nyuma ya sikio au upande wa ndani wa kiwiko, ikasubiriwa kwa saa 48. Unga wa rangi hiyo uhifadhiwe mbali na chakula na watoto, kwani kuumeza huweza kuua. Hina halisi, inayotokana na majani ya mhina, ni laini zaidi, ingawa kwenye nywele nyeusi huacha mng'ao mwekundu tu unaoonekana juani.

Usafi na mafunzo

Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa angalau siku 7. Kwa sababu hiyo wembe hutumika kwa mtu mmoja kisha hutupwa, na meno ya mashine husuguliwa na kupanguswa kwa spiriti yenye asilimia 70 kabla ya kila kichwa. Mapunye huenea kwa chanuo, mashine na taulo. Mtoto mwenye nayo huelekezwa kituo cha afya, kwa kuwa huhitaji dawa ya kumeza.

Mafundi wengi hujifunza kwa kukaa pembeni ya aliyetangulia, na ujuzi huo una thamani. Kemia na usafi, hata hivyo, huhitaji darasa. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hutoa mafunzo ya nywele na urembo, na pia hutambua ujuzi uliopatikana kazini. Kwa upande wa bidhaa, usimamizi wa vipodozi ulihamia Shirika la Viwango Tanzania, TBS, mwaka 2019. Msusi na mteja wote wana haki ya kusoma lebo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na kulikataa kopo linalokosa kimojawapo.

Mteja wa Mwamapalala anastahili uangalifu uleule anaopewa mteja wa Mwanza au Dar es Salaam. Aulize dawa ina nini, aombe wembe mpya, aseme mapema anapoumia. Na fundi anapomwambia kwamba nywele zake hazijawa tayari, amshukuru na kumwamini.