Wanaopamba madhabahu bila mshahara: historia ya maua ya Jumapili Kampala

KAMPALA. Jumamosi alasiri, wakati Kikuubo bado kumejaa wapagazi na mizigo, ndani ya makanisa mengi ya mji huu kuna kazi nyingine inayoendelea bila kelele. Wanawake watano au sita wamefunga leso kiunoni. Ndoo za maji zimepangwa sakafuni, magazeti ya jana yametandikwa, visu na mikasi viko mkononi. Kabla ya giza kuingia, madhabahu, mimbari na mlango mkubwa vitakuwa vimepambwa kwa ibada ya kesho. Hakuna hata mmoja wao atakayelipwa.

Mfanyabiashara wa mpakani anaweza kuuliza: hayo yananihusu nini? Yanamhusu sana. Waridi kubwa lililo katikati ya chombo kile mara nyingi limelimwa Kenya na kuvuka Busia au Malaba. Kikundi cha maua cha kanisa ni mteja anayerudi wiki baada ya wiki, anayejua ua zuri na ua lililochoka, na asiye na faida ya kufidia hasara. Anayewauzia maua mabovu anachukua fedha za sadaka, au zilizotoka mfukoni mwao wenyewe.

Kazi ya mlimani

Katika Buganda kazi ya pamoja isiyo na malipo ina jina lake: bulungi bwansi, yaani wema wa nchi. Ndiyo desturi iliyowatoa watu majumbani kusafisha njia na visima. Kanisa lilipofika liliikuta desturi hiyo, likajengwa juu yake.

Mlima wa Namirembe ni shahidi. Kanisa la miti na nyasi lililojengwa huko mwaka 1892 liliangushwa na dhoruba mwaka 1894. Lingine lilijengwa, kisha likafuata la matofali lililokamilika mwaka 1904. Matofali hayo yalipandishwa mlimani kichwani mwa watu, machifu na watu wa kawaida pamoja. Paa lake lilikuwa la nyasi, na Septemba 1910 radi ikalipiga likateketea. Watu wakaanza upya. Kanisa kuu tunaloliona leo, lenye kuba linaloonekana kutoka pande nyingi za mji, lilichorwa na Mwingereza Temple Moore na kujengwa kati ya 1915 na 1919. Ng'ambo ya pili, juu ya mlima wa Rubaga, Wakatoliki walijenga kanisa kuu lao kati ya 1914 na 1925.

Kazi ya maua ni mtoto wa desturi hiyo hiyo. Aliyebeba tofali hakudai ujira, na mjukuu wake anayebeba ndoo ya maua Jumamosi hadai pia.

Kutoka uani hadi madhabahuni

Kwa miaka mingi maua ya kanisa hayakununuliwa. Yalikatwa nyuma ya nyumba. Bustani za misheni zilikuwa na waridi, na nyumba za waumini zilikuwa na kanna, yungiyungi na bogenvilia. Bondeni kulikuwa na mafunjo. Kwa sherehe kubwa kulikuwa na migomba mizima na makuti ya mitende, ambayo Waganda huyaita ensansa, yaliyosimamishwa mlangoni kama yanavyosimamishwa barabarani kumlaki Kabaka.

Mtindo wa kupanga maua ndani ya chombo, marefu nyuma na mafupi mbele, ulikuja na Waingereza. Chama cha kina mama wa Kianglikana, Mothers' Union, kilichoanzishwa na Mary Sumner huko Uingereza mwaka 1876, kilifika Uganda mapema katika karne ya 20 na kuwapa wanawake wa kanisa mahali pa kukutana na kugawana kazi. Huko Uingereza kwenyewe, mpangaji maua mashuhuri Constance Spry, aliyeshughulikia maua ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth mwaka 1953, alikuwa akifundisha kwamba tawi la porini, matunda na hata majani ya mboga vina nafasi ndani ya chombo. Kwa mwanamke wa Kampala somo hilo halikuwa geni. Alikuwa ameshaweka mafunjo na jani la mgomba kando ya waridi kwa sababu ndivyo alivyokuwa navyo.

Ikaja miaka ya 1970. Wafanyabiashara wa Kiasia walifukuzwa mwaka 1972, maduka yakafungwa, sukari na sabuni zikawa vitu vya kutafutwa. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Maelfu ya waumini walikusanyika Namirembe ambako kaburi lake lilikuwa limechimbwa, likabaki tupu, kwa kuwa serikali haikuwapa mwili wake. Katika nyakati kama hizo ua la uani lilikuwa na maana kuliko uzuri wake. Lilikuwa njia ya watu kusema kwamba Jumapili bado ni Jumapili.

Kwa nini waridi kubwa linavuka mpaka

Mambo yalibadilika miaka ya 1990, pale mashamba ya waridi ya kuuza Ulaya yalipoanzishwa kandokando ya Ziwa Victoria, hasa upande wa Entebbe na Mukono. Maua ambayo hayakufaa kusafirishwa nje yalianza kuuzwa mjini. Kina mama wa kanisa, ambao nyumba zao zilikuwa zikipoteza bustani kwa sababu ya vyumba vya kupangisha, wakajifunza kwenda soko la Nakasero.

Lakini ardhi ina sheria zake. Ukanda wa ziwa uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto lake hulifanya waridi likue haraka na kutoa kichwa kidogo. Naivasha iko karibu mita 1,900. Usiku wake wa baridi hulichelewesha ua, nalo hupata kichwa kikubwa na shina refu. Kanisa kubwa linahitaji ua linaloonekana na mtu aliyekaa benchi la mwisho. Ndiyo maana waridi la Kenya lina soko Kampala ingawa Uganda nayo inalima waridi. Huu ndio ushirikiano wa kanda katika hali yake halisi: kila upande una kitu ambacho upande wa pili hauwezi kukitoa vizuri.

Kalenda ya mteja huyu

Anayetaka kuuza kwa makanisa ajue kalenda yao kabla ya kujua bei. Wakati wa Kwaresima, kanuni za Kanisa Katoliki zinakataza kupamba altare kwa maua, isipokuwa Jumapili ya nne na kwenye sherehe na sikukuu zinazoangukia kipindi hicho, kama ile ya Mtakatifu Yosefu tarehe 19 Machi. Waanglikana wengi nao hupunguza au huacha kabisa. Jumapili hiyo hiyo ya nne kwa Waanglikana ni siku ya kina mama, na maua hugawiwa. Anayeleta makreti kumi katikati ya Kwaresima atarudi nayo.

Kisha Pasaka inafika na kila kanisa linataka maua meupe na ya rangi ya dhahabu kwa siku moja. Pentekoste inataka mekundu. Tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi wa Uganda, mahujaji humiminika Namugongo kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo, baadhi kwa miguu, na rangi ya siku ni nyekundu tena. Majilio ni kipindi cha kiasi, halafu Krismasi inafungua mlango. Februari ni mwezi mgumu: Siku ya Wapendanao hupandisha bei, mashamba yakipeleka maua yao Ulaya, na kikundi cha kanisa hurudi kwenye majani na maua ya uani.

Wanachokijua mikono hii

Kina mama hawa wana ujuzi ambao msafirishaji angefaidika nao. Shina hukatwa kwa mshazari ili linywe maji vizuri. Jani linalozama ndani ya maji huondolewa, maana huoza na kuchafua chombo kizima. Maua hulazwa kwenye ndoo yenye maji mengi usiku kucha, mahali penye ubaridi, kabla ya kupangwa. Vumbi la yungiyungi huondolewa ua linapofunguka, la sivyo litatia doa kitambaa cha madhabahu lisilotoka kwa kufuliwa.

Na hili ni la wenye magari: usipakie maua pamoja na ndizi mbivu. Tunda linaloiva hutoa gesi inayoharakisha kunyauka kwa maua, na mikarafuu ya mapambo ndiyo huathirika upesi zaidi. Katika nchi ya ndizi kama hii, kosa hilo ni rahisi sana kulifanya.

Hata sifongo ya kijani inayoshika mashina ina historia yake. Ilibuniwa Marekani na Vernon Smithers mwaka 1954, na kampuni yake ikaiita Oasis, jina ambalo wapambaji wengi hulitumia hadi leo. Kabla ya hapo kazi ilifanywa kwa mchanga, au kwa waya wa kuku uliokunjwa ndani ya chombo. Sasa, kwa kuwa sifongo ile ni plastiki isiyooza, maonyesho makubwa ya maua ya Chelsea jijini London yameikataa tangu mwaka 2021. Waya wa kuku, uliodharauliwa kuwa wa kimaskini, umerudi kuwa wa kisasa.

Mnyororo ulipokatika

Machi 2020 serikali ya Uganda ilifunga makanisa na misikiti kwa sababu ya korona. Mwezi huo huo mashamba ya Kenya yalikuwa yakitupa maua kwa kukosa ndege na wanunuzi. Malaba na Busia foleni za malori zilienda kilomita nyingi huku madereva wakisubiri majibu ya vipimo. Makanisa yaliporuhusiwa kufunguliwa Septemba mwaka huo, watu 70 tu ndio walioruhusiwa kuingia. Wakati huo ilionekana wazi kwamba chombo cha maua madhabahuni, dereva wa Malaba na kibarua wa Naivasha wamefungwa kwa kamba moja.

Kamba hiyo inakazwa au kulegezwa mpakani. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa Februari 2018, kilikusudiwa kuondoa kusimama mara mbili. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, wenye bidhaa za Afrika Mashariki zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, kuna cheti cha asili kilichorahisishwa. Lakini ua ni mmea, na cheti hicho hakichukui nafasi ya cheti cha afya ya mimea, ambacho Kenya hutolewa na KEPHIS. Anayekosa karatasi hiyo anasimamishwa, na maua hayasubiri. Saa sita za jua ndani ya gari lililofungwa zinatosha kugeuza bidhaa kuwa takataka.

Mshindani asiyenyauka

Hapa ndipo penye hatari kwa pande zote mbili. Katikati ya mji ua la plastiki kutoka China linapatikana kwa bei ndogo. Halihitaji maji wala cheti, na halihitaji Jumamosi ya mtu yeyote. Upande mwingine wako wapambaji wa harusi wanaolipwa, wanaofika na vitambaa na taa zao, na kuondoka na kila kitu picha zikishapigwa. Baadhi ya makanisa hukubaliana nao waache maua ya harusi yatumike Jumapili. Ni mapatano mazuri, lakini yakizoeleka kikundi hubaki bila kazi.

Kikundi kikivunjika, hasara inapita maua. Pale kwenye ndoo ndipo mgeni wa mji anapopata watu wa kumjua kwa jina. Ndipo inapojulikana nani anaumwa na nani amefiwa, na ndipo msichana anapofundishwa kukata shina na mama ambaye naye alifundishwa na mwingine. Ua la plastiki likikaa madhabahuni mwaka mzima, hakuna sababu ya watu hao kukutana.

Kwa hiyo kreti linalofika limenyauka ni hatua moja kuelekea plastiki. Kina mama wakidanganywa mara mbili au tatu, watachanga fedha wanunue maua ya kufutwa vumbi, na mfanyabiashara atakuwa amempoteza mteja wa kila wiki kwa faida ya siku moja. Kinyume chake, anayepiga simu Ijumaa kusema ukweli, kwamba mzigo umekwama au waridi wiki hii ni dogo, huwapa nafasi ya kwenda kukata majani uani, na wiki inayofuata watamwagiza tena.

Jumapili asubuhi ngoma za Namirembe zikilia, waumini wataingia na kuyaona maua. Wachache watauliza yametoka wapi. Mwenye kujua ni yule aliyeyaleta, na wale waliofunga leso jana alasiri.